Ukigongewa Mara Tatu, Simama

Vijana wangu, mmeniletea daftari jipya na kalamu mbili, mkaniomba niwaandikie siri ya kushinda mbio za mtumbwi wa watu wawili. Mmekosea nyumba. Mimi nimeshindana na mataifa mara moja tu maishani mwangu, nikawa wa mwisho. Walikuwapo wawili waliobaki nyuma yetu, lakini hao mtumbwi wao ulipinduka, kwa hiyo sioni haki ya kuwahesabu. Hata hivyo, siku ile washindi walipewa picha ya Malkia ndani ya fremu, na sisi wa mwisho tukapewa saa ya mkononi. Mkitaka kujua mtu anafikaje hapo, someni. Mkitaka kushinda, mfuateni mwalimu wenu mwenye filimbi.

Kazi yangu ilikuwa kubeba barua. Wakati wa Mwingereza barua za vijiji vya delta ya Rufiji zilikuja kwa lori mpaka Kibiti, zikateremshwa Nyamisati, na kutoka hapo zikawa mzigo wetu. Tulikuwa wawili katika mtumbwi mmoja: mimi mbele, Mzee Mtulia nyuma kwenye usukani. Tulipita mito ya mikoko hadi Kiongoroni karibu na bahari, tukalala huko, kesho yake tukarudi na mfuko wa barua za kwenda. Mfuko ulikuwa na kufuli kubwa la shaba. Mara nyingi ndani yake mlikuwa na barua moja tu, nayo ilitoka bomani, ikimuuliza karani wa Kiongoroni kwa nini hajajibu barua iliyotangulia. Kwa barua hiyo moja tulipita penye mamba, penye viboko na penye mbu, na hatukuchelewesha hata siku moja.

Mzee Mtulia alikuwa mjomba wangu. Sisemi mjomba kwa heshima tu, alikuwa kaka yake mama yangu, tumbo moja. Ndiye aliyenitia katika kazi hii na ndiye aliyenifundisha. Mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi. Alisema mtu wa mbele ana kazi mbili, kuvuta maji na kutazama, na mtu wa nyuma ana kazi mbili, kuvuta maji na kutii. Nilifurahi sana kusikia hivyo, maana nilikuwa kijana na nilidhani nimefanywa mkubwa.

Nyinyi nawasikia kule majini mkihesabu kwa sauti, mmoja anapiga kelele na mwenzake anamjibu. Sisi hatukupiga kelele. Mto wa mikoko ni mwembamba na una kona nyingi, na nyuma ya kona kuna kiboko au kuna mtu mwenye shehena ya boriti, na wote wawili hawapendi kushtuliwa. Kwa hiyo wa mbele aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi. Mara moja, kushoto. Mara mbili, kulia. Mara tatu, simama papo hapo: unazamisha kafi wima, unalikaza, mtumbwi unakwama kama umepigwa msumari. Hakuna kuuliza sababu. Mara tatu ni kiboko, na kiboko hangoji maelezo.

Katika mwezi wangu wa kwanza kafi langu lilishika tope, nami nikalikung'uta kwenye ubavu wa mtumbwi, ko, ko, ko. Mjomba akasimamisha mtumbwi. Tulikuwa na abiria, mke wa karani, amepakata mfuko wake wa unga. Mama yule alibaki, unga ukaenda majini. Nikageuka nikasema, "Mjomba, hakuna kitu. Nilikuwa nakung'uta tope."

"Mimi sikuona tope," akasema. "Mimi nimesikia tatu."

"Lakini ungetazama tu mbele, ungeona hakuna kiboko."

"Siku nitakayoanza kutazama kabla ya kusimama, tutauawa wote wawili. Omba radhi kwa mama."

Nikaomba radhi. Mke wa karani hakunisemesha mpaka mvua za mwaka uliofuata, na barua za karani nazo zikazidi kuchelewa kujibiwa. Tangu siku ile nilikuwa nafuta tope kwa kiganja.

Sasa, habari ya macho. Ilianza kidogo kidogo, ukungu mweupe katika jicho la kulia, kisha la kushoto. Watu wa kwetu wanauita mtoto wa jicho, na wazee wengi wa mtoni huwa nao. Mimi niliona lakini sikuuliza, kwa sababu mtumbwi ulikwenda kama kawaida. Siku moja tulipita karibu na mti uliosimikwa majini kwa ajili ya kufungia wavu. Mjomba akautolea salamu nzuri ya Kiislamu, akangoja ujibu. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mpwa wangu, yule alikuwa mtu au mti?"

"Mti, Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Umesimikwa na wavuvi."

Akapiga kafi kama mara ishirini. Halafu akaniambia kwamba haoni tena uso wangu, anaona kivuli changu tu, na kwamba tangu miezi mingi anaendesha mtumbwi kwa kusikia kugonga kwangu na kwa kusikia maji. Maji yanayopita kwenye mizizi ya mikoko yana sauti yake, na maji ya kina yana sauti nyingine. Akasema boma likijua, atatolewa siku hiyo hiyo, maana sheria ya barua ilitaka watu wazima wa viungo. Mkewe alikwisha kufa, watoto hakuwa nao, na shamba lake la mpunga lilichukuliwa na mafuriko. "Nikitoka humu," akasema, akigusa ubao wa mtumbwi, "nitakaa wapi?"

Nikamwahidi kwamba haitajulikana. Nilimwahidi kwa moyo wangu wote, na sijui kama nimewahi kufanya kosa kubwa kuliko lile.

Tukaanza kuishi na siri yetu. Nilimtengenezea ishara nyingine: kukwaruza kwa kucha maana yake kuna gogo, kupiga chini kwa kisigino maana yake tumekaribia gati. Nchi kavu alinishika bega, na watu wakasifu adabu yangu, kijana asiyemwacha mjomba wake. Ajabu ni kwamba tulizidi kuwa wepesi. Mtu asiyeona hageuzi shingo kutazama ndege wala wanawake wanaofua, anavuta maji tu. Tukawa tunafika Kiongoroni kabla ya maji kupwa, jambo ambalo watu wa mitumbwi mingine walisema lina dawa ndani yake.

Sifa zikafika Utete. Bwana Shauri wetu wa wakati ule, mkuu wa wilaya, alikuwa Mwingereza mrefu aliyependa michezo kuliko kesi, na aliposikia kwamba Dar es Salaam kutakuwa na mashindano ya mitumbwi ya watu wawili, na kwamba watakuja watu wa nchi nyingine, akatuita bomani. Akatueleza kwamba tutaiwakilisha Tanganyika. Nilipouliza nchi nyingine ni zipi, akataja Kenya, Uganda, Unguja na Nyasa. Mataifa matano, na wote tulikuwa tunapokea amri zetu kutoka mji mmoja. Bendera zetu nazo zilifanana, zenye bendera ya Mwingereza pembeni, ila sisi tulikuwa na twiga, Kenya simba na Uganda korongo. Unguja peke yao walikuja na bendera nyekundu ya Sultani, wakajiona wao ndio wageni wa kweli.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Njia nzima ya kurudi nilimwambia Mjomba tutafute sababu, tuseme anaumwa kifua, tuseme mama ni mgonjwa. Yeye alikuwa anatabasamu.

"Umesema njia ya mbio ni ya namna gani?"

"Imenyooka. Nusu maili. Wametia kamba na maboya kila upande."

"Hakuna kona?"

"Hakuna."

"Kiboko?"

"Bandarini Dar es Salaam, Mjomba?"

"Basi hiyo ndiyo kazi ya kipofu," akasema. "Tukikataa ndipo watakapouliza sababu."

Nguo za mashindano tulishonewa Kibiti na Kasamali, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa na cherehani barazani. Alishona kaptura mbili na fulana mbili, moja nyekundu ya mtu wa nyuma na moja ya buluu ya mtu wa mbele, ndivyo barua ya boma ilivyotaka. Alipompa Mjomba fulana yake, aliishika pindo akaifunga fundo dogo la uzi.

"Yako hii yenye fundo, Mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Usichukue ya kijana, itakubana."

Fulana zote mbili zilikuwa kipimo kimoja. Nikamtazama Kasamali, naye akainama kwenye cherehani yake akaanza kushona kitu kisicho na haja ya kushonwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kumbe hata mwenye duka alikuwa anaijua. Sisi tulidhani tumeifunga Kibiti nzima macho.

Dar es Salaam walitupima kwanza. Daktari alikuwa kijana wa Kizungu mwenye Kiswahili cha kitabuni, kilichonyooka kuliko changu. Alitusikiliza vifua, akahesabu meno, akatazama nyayo, akatugonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mnadani ng'ombe huangaliwa hivyo hivyo. Kisha akasimama mbele ya Mjomba kwa muda, karibu sana. Akageuka kwangu.

"Mna tatizo lolote? Hata dogo?"

"Hakuna, Bwana Daktari."

"Wewe hakuna. Na mzee?"

"Hakuna kabisa. Mzee ni mzima kuliko mimi."

"Hakuna kabisa," akarudia, akaandika. Halafu akasema, "Mbio zikiisha mimi nitakuwa hospitali. Mkitaka, njooni tu. Hakuna atakayewauliza."

Nikamshukuru. Nilidhani ni adabu za Kizungu, kama wanavyosema karibu chai wakati chai yenyewe haipo. Tulipotoka nje nilicheka mpaka nikakaa chini, kwa jinsi nilivyokuwa hodari wa kusema uongo.

Mtumbwi tuliopewa haukuwa mtumbwi. Ulitoka Ulaya, wa mbao nyembamba zilizopakwa vanishi, na mtu hakai humo, anapiga goti moja. Mjomba aliupapasa kwa viganja kuanzia omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, akausukuma kidogo, ukatikisika. "Hili ganda la embe," akasema. Tulianguka mara tatu siku ya kwanza na mara moja siku ya pili. Siku ya tatu hatukuanguka, na nitawaambia sababu, maana hapa ndipo penye faida kwenu. Sote tulikuwa tunajaribu kuutuliza mtumbwi kwa kiuno. Mjomba akasema tuache kuutuliza, tuuache ucheze, ila makafi yetu yaingie majini kwa pamoja. Kafi likiwa ndani ya maji ndilo mguu wako. Mtumbwi mwembamba huanguka pale makafi yote mawili yanapokuwa hewani. Kwa hiyo fupisheni hewani, refusheni majini. Mwalimu wenu atawaambia jambo hilo hilo kwa ubao na chaki, nami simpingi.

Kufikia siku ya nne tuliwaacha Kenya na Unguja kila mara katika mazoezi. Waganda hatukuwaona kabisa, walichelewa njiani wakafika jioni ya kuamkia mbio. Laiti ningewaona wakifanya mazoezi hata mara moja.

Siku yenyewe bandari ilijaa watu. Wazungu walikaa kwenye viti chini ya turubai, Wahindi na Waarabu wakasimama na miavuli, na watu wetu wakapanda popote panapopandika. Nyuma ya mitumbwi ilifuata motaboti ya waamuzi, na ndani yake alikuwamo Bwana Shauri wetu, amevaa kofia ya majani, anatupungia mkono. Kushoto kwetu walikuwa Waganda, kulia watu wa Nyasa. Mjomba alipiga goti lake ndani ya fulana nyekundu yenye fundo, akaniuliza kwa kunong'ona, "Jua liko wapi?" Nikamwambia liko mgongoni. "Vizuri," akasema, "halitakuumiza macho." Yangu, alimaanisha.

Bunduki ikalia. Vijana wangu, ninaandika haya nikiwa mzee na bado mikono yangu inakumbuka. Tulitoka kama tumesukumwa. Makafi yetu yaliingia pamoja na kutoka pamoja, na kwa mara ya kwanza ganda lile la embe likaacha kucheza, likatulia, likapaa. Sikugonga hata mara moja, hapakuwa na haja. Nilipochungulia pembeni sikuona omo ya mtu yeyote. Nilisikia furaha ambayo sijawahi kuisikia tena, wala siku ya harusi yangu, na mke wangu anisamehe kwa kuandika hivyo.

Tulipofika katikati Waganda wakaanza kutukaribia. Na Waganda wale, watu wa ziwani, walikuwa na desturi yao. Kila walipotaka kuongeza nguvu, yule wa mbele aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi ili mwenzake ashike mwendo.

Ko, ko, ko.

Mjomba akazamisha kafi wima akalikaza. Mtumbwi ukasimama. Mimi nilikwenda mbele kwa kifua, nikashika mbao, nikanusurika.

"Kiko wapi?" akauliza, taratibu kabisa.

"Mjomba, hakuna. Twende."

"Nimesikia tatu."

"Twende, Mjomba."

Tukaanza tena. Waganda walikuwa wametutangulia kwa urefu wa mtumbwi mmoja, tungeweza kuwakamata. Tukapiga kafi labda kumi. Ko, ko, ko. Akasimama tena, na safari hii alikasirika, maana alidhani ninamficha kiboko.

Hapa ndipo mlipo moyo wa habari yangu. Nilichotakiwa kufanya ni kugeuka na kupaza sauti: Mjomba, wanaogonga ni wale wa kushoto, siyo mimi, usisimame mpaka nikuite kwa jina. Maneno hayo tu, na tungeshinda, hilo ninaapa. Lakini motaboti ilikuwa nyuma yetu hatua chache, na Bwana Shauri alikuwa amesimama ndani yake, masikio yote kwetu. Kumwambia mtu wa usukani ni nani anayegonga mita chache kando yake, mchana kweupe, ni kuiambia dunia nzima kwamba mtu huyu haoni. Nikafunga mdomo. Kenya wakatupita, Unguja nao wakatupita, na nilikuwa nalia, sioni haya kusema.

Wakati huo huo kulia kwetu nikasikia kishindo. Watu wa Nyasa walikuwa wamepinduka. Kwa Mjomba mambo yote yakawa wazi: amegongewa mara tatu, tena mara tatu, sasa kuna kishindo na mtu anakohoa majini. Kiboko amepindua mtumbwi. Akanyoosha kafi lake kuelekea kwenye kile kikohozi, na mtu akalidaka. Alimvuta mpaka ubavuni kwetu huku akimwambia kwa Kindengereko, lugha yetu ya nyumbani, akunje miguu isije ikang'atwa. Yule mtu wa Nyasa hakuelewa neno, lakini alishukuru. Mwenzake alichukuliwa na motaboti. Tulipomaliza mbio, watu walikwisha kuanza kukunja viti.

Jioni tukaitwa mbele. Mkubwa mmoja mwenye nishani kifuani akasoma hotuba, na mkalimani akaitafsiri sentensi kwa sentensi. Alisema kwamba watu wengi waliona mtumbwi wa Nyasa ukipinduka. Lakini mzee huyu wa Rufiji, alisema, aliona hatari kabla haijatokea, akasimamisha mtumbwi wake mara mbili akiwa anaongoza, akaacha ushindi kwa ajili ya jirani yake. Alisema jicho kama lile hajaliona katika miaka yote ya utumishi wake. Watu wakapiga makofi. Mjomba akanyoosha mkono apokee zawadi, kidogo pembeni ya pale ilipokuwa, na yule mkubwa akadhani ni unyenyekevu, akaufuata mkono.

Ilikuwa saa. Mjomba akaiweka sikioni. "Inatembea," akasema, akaridhika.

Usiku ule, au tuseme baada ya isha, nilikumbuka maneno ya daktari, njooni tu mkitaka. Nikaona huyo ndiye mtu wa kuepukwa kuliko wote. Asubuhi tukapanda lori la kwanza la Kibiti.

Mnadhani habari inaishia kwenye saa. Bwana Shauri aliporudi Utete alikuwa mtu aliyeshinda zaidi ya washindi, kila mgeni alimsimulia. Na kwa kuwa alitaka kumtukuza Mjomba, akaandika barua, akaomba, akapata: motaboti ya barua, mpya, yenye injini, ya kwanza katika mito yetu. Nahodha wake atakuwa Mzee Mtulia, mwenye jicho lile.

Siku ya kuizindua tulikusanyika Nyamisati. Mjomba akakaa kwenye usukani, mimi nikakaa mbele na kafi la kugongea. Fundi akavuta kamba, injini ikalia. Nikagonga mara moja. Nikagonga mara mbili, kwa nguvu zaidi. Nikagonga mara tatu mpaka mpini ukapasuka. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, na usoni mwake nikaona kwamba hasikii kitu chochote, wala mimi, wala maji, wala mizizi ya mikoko. Akainua mkono fundi azime.

"Bwana Shauri," akasema, "ninashukuru sana. Lakini chombo hiki kinasema mfululizo. Mimi nimezoea chombo kinachosikiliza. Mpe mpwa wangu."

Bwana Shauri akamsihi, akakataa. Akashuka, akanishika bega, tukapanda naye ukingoni, akaniambia nimtafutie mtumbwi unaoelekea Kiongoroni, akakae kule tulikokuwa tukilala. Boma halikujua mpaka mwisho kwamba mtu wao mwenye jicho alikuwa kipofu. Siri niliihifadhi vizuri. Kazi yake ndiyo sikuweza kuihifadhi.

Motaboti ile niliiendesha miaka mingi na ndiyo iliyonistaafisha. Nimekwisha kuwaambia wengi wenu kuhusu plagi zilizoloa na mafuta yaliyochanganyika na maji, sitarudia. Mtu wa injini yuko peke yake, hana wa mbele wala wa nyuma. Nilipita Kiongoroni kila wiki na kumsalimu Mjomba, na kila mara alisema alinisikia tangu nikiwa kona ya pili.

Mwingereza alikuwa amebakiza kama mwaka mmoja hivi nilipompeleka mama yangu hospitali Dar es Salaam. Naye macho yalikuwa yameingia ukungu, kama kaka yake. Kulikuwa na chumba cha macho, na daktari wa chumba hicho alikuwa yule yule wa nyundo ya mpira, nywele zimepungua. Alimfanyia mama upasuaji asubuhi moja. Walipomfungua bandeji mama alinitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe umezeeka." Nikamshukuru Mungu.

Daktari aliponiita pembeni nilidhani ni habari ya dawa.

"Yule mzee wako wa saa, yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Kiongoroni.

"Nilimwona siku ile," akasema. "Mimi ni daktari wa macho. Kwenye mbio zile niliazimwa tu. Nilikuuliza mara mbili."

"Kwa nini hukuandika, Bwana Daktari?"

"Ningeandika, angerudishwa nyumbani kabla ya kupiga kafi moja. Nilimtazama, nikaona alivyokuwa na hamu. Nikasema watakuja baada ya mbio. Siku mbili nilikuwa nawangoja."

Msinisomee ile methali ya mficha maradhi, naijua, na wala si kifo kilichotuumbua. Tulikuwa na watu wawili waliotuhurumia, mmoja na cherehani na mmoja na nyundo, wote wakanyamaza kwa wema, nasi tukanyamaza kwa hofu. Mjomba akapotea katikati ya ukimya wetu. Vijana, hilo ndilo funzo langu la mtumbwi wa watu wawili, wala sina jingine: siku mwenzako asipoona, paza sauti, hata kama motaboti ya waamuzi iko nyuma.

Nilikwenda Kiongoroni wiki ile ile. Nilimkuta Mjomba amelala kwenye kitanda cha kamba, kifua kimembana, amekonda, na waliokuwa wakimwuguza waliniambia nje kwamba safari ya Dar hawezi tena. Saa ilikuwa chini ya mto wake, bado anaitia ufunguo kila asubuhi. Nikamweleza yote: mama ameona, daktari ni yule, aliuliza, aliona, alitungoja.

"Asubuhi moja tu?" akauliza.

"Asubuhi moja, Mjomba."

Nikasikia saa ikitembea chini ya mto. Nikasema, "Ni mimi niliyejibu. Aliniuliza mimi, mara mbili, nami nikasema hakuna kabisa. Ningesema neno moja tu, Mjomba, ninge..."

Miaka yote ile ya mtoni mimi ndiye niliyegonga na yeye ndiye aliyetii. Akautoa mkono wake chini ya shuka, akautafuta ubao wa kitanda, akaugonga mara tatu.

Nikasimama hapo hapo.